Jeshi Lenye Mama Mkwe

Mwaka ule wa kuelekea Uhuru, kila mtu Kwedizinga alikuwa na lake la kuiagizia serikali mpya. Wapo waliotaka daraja, wapo waliotaka zahanati, na wapo waliotaka kodi ya kichwa ifutwe siku ileile bendera itakapopanda. Mzee Mhina peke yake ndiye aliyekuwa na kitu asichotaka kiagizwe. Alisema waziwazi, barazani Handeni, mnadani, na hata msibani mbele ya watu waliokuja kulia, kwamba Tanganyika huru haihitaji jeshi. Polisi wenye virungu wanatosha. Bunduki za Mwingereza aondoke nazo mwenyewe, kama mgeni anavyoondoka na mwavuli wake.

Watu walimsikiliza kwa adabu huku wakilitazama koti lake. Maana Mhina huyohuyo alikuwa na koti la jeshi, zito, la sufu, alilorudi nalo kutoka vita vya Burma. Alilivaa asubuhi za baridi na alilivaa jua la saa sita, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, na ole wake aliyeligusa kwa mikono yenye mafuta. Ukimuuliza, angekujibu kwamba koti halina kosa.

Mpinzani wake mkubwa aliishi Korogwe, na ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa. Huyu ni Ponsiano, Mnyamwezi, mnyapara mstaafu wa shamba la mkonge. Walikuwa Burma pamoja, katika lile jeshi la Mwingereza lililoitwa Keya, na koti la Ponsiano liliposombwa na mto wakawa wanalala wote wawili chini ya koti la Mhina. Tangu siku hizo Ponsiano alidai kwamba upande wa kushoto ni wake. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumzuia kudai. Naye kwa upande wake alitaka Tanganyika iwe na jeshi kubwa: ndege, vifaru, mizinga, na akishakunywa chai ya pili, hata manowari za kuwekwa ziwani Tanganyika.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni Ponsiano alishuka kwenye lori la Handeni amechomekea shati, viatu vinang'aa, na mkewe Justa nyuma yake amebeba kapu lililofunikwa kitambaa. Mhina alipoviona vile viatu alijua kwamba leo hakuja kubishana. Alikuja kuposa.

Aliyeposwa ni Zamda, mtoto wa mwisho wa Mhina, binti pekee aliyebaki nyumbani. Zamda ndiye aliyemsomea baba yake gazeti, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameanza kumsaliti. Akifika kwenye habari za bajeti na silaha alikuwa akisimama katikati ya sentensi na kusema, "Baba, shika fimbo yako kwanza, hapa utakasirika," kisha wote wawili wanacheka. Mhina aliipenda saa ile ya gazeti kuliko alivyopenda kula.

"Kijana anaitwa Muhidini," alianza Ponsiano. "Baba yake alifia mkongeni, nikamlea mimi. Anaswali swala tano mpaka mimi Mkristo namwonea wivu. Na ana kazi."

"Kazi gani?"

Ponsiano alikohoa. "Ya serikali."

"Serikali ina kazi nyingi, mtani. Anachanja ng'ombe? Anagawa barua?"

"Ni koplo. Yuko Keya, Dar es Salaam."

Mhina aliweka kikombe chini. "Umetoka Korogwe yote hiyo kuja kunitukana kwangu?"

"Nimekuja kukuozeshea binti!"

"Utaniozeshea kwenye jeshi linalovunjwa Desemba?"

"Nani kakwambia linavunjwa? Desemba ndiyo linaanza! Litakuwa letu. Tutaliongezea watu, tutalinunulia ndege."

"Za kumpiga nani? Nitajie adui. Mmoja tu, sitaki wengi."

"Adui hajitangazi, mtani."

"Wangu wamejitangaza. Ngedere, na nguruwe pori. Kila msimu wanakula mahindi yangu mchana kweupe. Hiyo ndege yako itatua hapa kuwafukuza? Na hicho kifaru kikizama tope la mto Msangazi wakati wa masika, nani atakitoa? Ni mimi na wewe, tena kwa kamba ya mkonge!"

Justa alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga. Lakini Mhina hakucheka. Alisema binti yake hatakwenda kwa mtu wa bunduki, na neno lake ni hilo. Nyuma ya ukuta, jikoni, kuna mtu aliyeangusha upawa.

Ponsiano alisimama taratibu, akaenda ukutani, akalitungua koti kwenye msumari na kulikunja kwapani.

"Asiyetaka jeshi hataki na nguo zake," alisema. "Hili nimelishika."

Mtani akishika kitu chako huna ruhusa ya kukasirika. Unakomboa kwa masharti yake. Mhina aliyajua hayo toka utotoni, na bado masikio yalimwaka moto. "Nitalikomboa kwa nini?"

"Kwa masikio yako. Nitamleta kijana, umsikilize. Ukimkataa mbele yake kwa kinywa chako, koti unalo na mimi nimenyamaza."

"Mlete," alisema Mhina. "Na avae nguo zake za kazi. Nataka nimwone vizuri ninayemkataa."

Ziliingia siku mbaya. Kwedizinga nzima ilimpa pole ya koti kama ya mtu aliyefiwa. Hilo angelivumilia. Kilichomshinda ni gazeti. Zamda alimsomea kama kawaida, hakuruka neno, lakini alisoma kama karani wa mahakama. Alifika kwenye bajeti, akapita moja kwa moja. Mhina alikaa na fimbo yake mkononi akisubiri kuambiwa aishike. Akajua kwamba akikataa, binti yake atatii, hatalalamika hata siku moja, na saa ile ya kucheka itakuwa imekwisha kabisa.

Jioni alipokuwa akipukuchua mahindi na mkewe Mwantumu, alimuuliza huyo koplo Zamda alimwona wapi.

"Korogwe, pale Manundu, kwa shangazi yake Mwaija. Zamda alikuwa anauza vitumbua. Kijana alikula vyote vilivyoungua akasema vitamu." Mwantumu alichukua gunzi jingine. "Anamtaka, baba Zamda. Kaniambia mwenyewe. Na mimi nimechoka kusikia habari za ndege. Niambie kinachokuuma."

Mhina alipukuchua mpaka gunzi likawa tupu, akaendelea kulipukuchua hivyohivyo. Kisha alisema.

"Wakati wa vita vya Mjerumani nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mjerumani alipita akirudi nyuma, Mwingereza akapita akimfuata. Sijui waliofika kwetu walikuwa wa nani. Wote walivaa nguo za rangi moja. Mama alisimama mbele ya kihenge, akatanua mikono. Hawakumpiga. Mmoja alimshika mabega akamsogeza, kama unavyosogeza kiti upate kupita. Hakuwa na hasira naye, mke wangu. Hakumjua tu. Wakatoa nafaka yote, wakaondoka, nikaiona migongo yao. Mwaka ule tulimzika mdogo wangu kwa njaa."

Mwantumu alikuwa ameishi naye miaka yote hiyo na hajapata kuyasikia hayo. Alimfuta mumewe makapi ya mahindi mkononi.

"Basi hilo ndilo ukamuulize kijana," alisema. "Ndege waachie wenye ndege."

Jumapili waliyoahidiana Muhidini alikuja. Alikuwa mrefu, mwembamba, kaki yake imepigwa pasi mpaka ina makali, buti zinang'aa kupita viatu vya Ponsiano. Alitoa shikamoo, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kifupi mno kwake, magoti yakamfika kifuani. Ponsiano alikaa pembeni na koti mapajani. Alipoanza tu kutaja vifaru, Mhina alimnyamazisha kwa mkono.

"Wewe ungenunua nini?" alimuuliza kijana.

"Spea, mzee. Mimi ni fundi wa magari. Nusu ya tuliyonayo yamelala."

Mhina alimtazama aone kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. "Na bunduki?"

"Bunduki zipo tayari, mzee. Mwingereza akiondoka tutabaki nazo. Lililobaki ni nani atazishika."

Jibu lilimpendeza Mhina, na kule kupendezwa kukamuudhi. Akauliza lile lenyewe.

"Siku moja mkubwa wako anakuamuru uje hapa kwangu, ufungue kihenge kile, utoe nafaka yote uondoke nayo. Utafanya nini?"

Ponsiano alianza kumtikisia kijana kichwa kwa nguvu, sema hapana, sema hapana. Muhidini alikuwa akitazama buti zake.

"Sijui, mzee," alisema.

"Hujui?"

"Tunafundishwa kutii kabla hatujafundishwa kulenga shabaha. Ningependa kukwambia nitakataa. Lakini sijapata kupewa amri kama hiyo, na sitaki kuanza kwako kwa uongo."

Ponsiano alifunika uso kwa koti. Mhina alikuwa amepata alichokitafuta mwezi mzima, sababu safi ya kukataa ambayo hakuna wa kuipinga, na hakufurahi hata chembe. Alimpenda kijana yule kwa jibu lile, na kwa jibu lilelile hakuona atampaje binti yake. Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Mhina alifungua kinywa amalize.

Hapo ndipo Mwantumu alipotoka. Mama wa binti hatoki mbele ya mposaji, wala hasemi naye; Justa alishtuka mpaka akasimama. Mwantumu alijifunga kanga vizuri kiunoni, akasimama mahali ambapo kijana hangeweza kujifanya hamwoni.

"Umesema hujui," alimwambia. "Na kama anayesimama mbele ya kihenge siku hiyo ni mimi?"

Muhidini aliruka wima, macho chini. "Wewe, mama?"

"Mimi. Nimetanua mikono. Unataka kupita."

Kijana alirudi nyuma hatua, kigoda kikamkwaza, nusura aanguke. Jasho lilikuwa limemtoka kuliko la mtu wa kwata.

"Mama, hata kukutazama siwezi," alisema. "Nitakusogezaje?"

Neno hilo la kusogeza hakuna aliyemwambia. Mhina alilisikia likitoka kwenye kinywa cha mtu aliyevaa kaki. Mwantumu aligeuka.

"Umesikia, baba Zamda. Wale wa mwaka ule hawakuwa na mkwe hapa."

Mhina alijifuta machozi. Hakuona aibu, maana waliokuwepo wote walikuwa wake. Kisha aliita, "Zamda! Njoo hapa mbele ya watu." Binti alitoka na unga mikononi, amejiinamia.

"Unamtaka huyu?"

"Namtaka, baba."

"Hata wakimpeleka mwisho wa nchi?"

"Hata huko. Nitakuwa nakuja kukusomea." Aliinua macho kidogo, na ule uso wake wa zamani ulikuwa umerudi. "Ila leo shika fimbo yako, maana naona unataka kulia tena."

Mhina alicheka na kulia vyote pamoja. Ponsiano, ambaye alikuwa amepumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alimvika koti lake mabegani, akalipangusa upande wa kushoto kwa heshima.

"Kwa hiyo, mtani, ndege tununue?"

"Nunueni! Hata hizo manowari zenu nunueni. Lakini rubani aoe kwanza, tena aoe kijijini, na mama mkwe wake nimjue."

Mahindi ya kupikia wageni wa harusi yalitakiwa yaanze kutwangwa mapema. Mhina alimwongoza Muhidini mpaka kwenye kihenge, akafunua mfuniko kwa mkono wake mwenyewe. "Ingia," alimwambia. "Jaza gunia moja, umpelekee mama yako kule uani." Kijana aliingia, akajaza, akatoka na gunia begani. Mhina alibaki amesimama pale penye kihenge, jua la saa sita kichwani na koti la sufu mwilini, akiutazama mgongo wa kaki ukienda zake na nafaka ya nyumba yake.

Mwantumu alikuwa ametoka uani kumpokea, sasa akimfuata kwa nyuma, mdomo haujafunga.

"Taratibu, unamwaga! Ina maana huko jeshini hamfundishwi hata kufunga gunia?"

"Samahani, mama," alisema koplo. Akatua mzigo, akapiga magoti vumbini na kaki yake ya pasi, akaanza kuziokota punje.