Deni la Ukuta

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2013, mwaka ambao wavulana wa Kindebele walikwenda jandoni. Kila nyumba iliyotoa mvulana ilipaswa kupakwa rangi upya kabla hajarudi, na kazi hiyo ni ya mama yake. Mama yake Jabulani, mmoja wa wavulana hao, alikuwa mtumishi wa nyumbani huko Pretoria, na tajiri wake alimnyima ruhusa. Nyanya yake, Bibi Letta Mtsweni, alikuwa na vidole vilivyopindwa na baridi yabisi hata kikombe kilimshinda. Basi asubuhi ya Ijumaa, siku moja kabla ya wavulana kuteremka kutoka mlimani, aliyesimama juu ya pipa mbele ya ukuta wa bibi huyo, mkononi unyoya wa kuku wa kupakia rangi, alikuwa Velaphi Skosana, mwanamume wa makamo.

Waliokuwa wakielekea kupanda basi walipunguza mwendo. Si kwamba hawakujua. Kuta kadhaa za kijiji kile zilikuwa kazi ya mkono wake, lakini alizipaka nyuma ya mablanketi yaliyotundikwa, na mama mwenye nyumba alipoulizwa alijitaja mwenyewe. Ukuta huu ulielekea barabarani, na Bibi Letta alikataa katakata kutundika blanketi.

"Ukuta haushikwi na mafua," alisema.

Sponono, msusi wa nywele ambaye kitambulisho chake bado kilimwita Solomon, alikuwa akikoroga chokaa kwenye ndoo huku amelikunja gauni lake hadi magotini. Rangi nyeusi ilikuwa imepanda bei tena dukani, kwa hiyo walichanganya masizi na gundi. Buluu ilikuwa ile ya kufulia mashuka.

"Shoga yangu," alimwambia Velaphi, "ukianguka kutoka kwenye pipa hilo, anguka kwa heshima. Barabara nzima inatutazama."

"Nikianguka nitakuangukia wewe."

"Mimi nimesukwa jana. Angukia ndoo."

Velaphi alicheka, akachovya unyoya tena. Miaka mingi nyuma, baba yake alipomfukuza nyumbani, kwa sababu ya mapenzi yake na kijana wa fundi baiskeli, Bibi Letta ndiye aliyemfungulia mlango. Alimketisha pamoja na wajukuu zake wa kike, akamfundisha kuchora mstari bila rula wala uzi, na alipokosea alimfutisha ukuta mzima. Hakumdai kodi wala shukrani. Alimwambia tu, "Siku moja utanilipa ukuta. Ukuta wa mbele."

Jua lilipokwisha kupanda, gari la manispaa lilisimama langoni. Bwana Kabini, afisa utamaduni, alishuka na kamera yake. Ofisi ilikuwa imeahidi gunia la unga na paja la ng'ombe kwa kila nyumba itakayopigwa picha, ili mvulana apokewe kwa karamu. Jikoni kwa Bibi Letta palikuwa na kabichi tu.

"Shikamoo, Bibi. Mpakaji yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko juu ya pipa."

Afisa alimtazama Velaphi, kisha akalitazama gauni la Sponono.

"Bibi, huu ni urithi wa akina mama. Mwongozo ndivyo unavyosema. Siwezi kupeleka picha ya huyu. Ushike wewe huo unyoya, nipige mara moja, tumalize."

"Vidole vyangu haviushiki."

"Kwa picha tu. Nani atajua?"

Velaphi aliteremka. "Ushike, Bibi," alimnong'oneza. "Mimi nitakaa ndani kidogo. Jabulani apate nyama."

"Wewe ninakudai ukuta," alijibu Bibi Letta kwa sauti ya kusikika barabarani. "Nyama sikudai. Panda."

Kabini alisogea karibu. "Bibi yangu, watu watasemaje? Huyu si shoga huyu?"

"Ndiye. Ni shoga yangu. Wewe wa kwako huwaitaje?"

Sponono aliinamia ndoo, akakohoa kwa muda mrefu.

Jirani yao, NaMnguni, alikuwa amesimama kwenye ua. Mwanawe naye alikuwa jandoni, na picha ya ukuta wake ilikuwa katika kalenda ya manispaa. Alikuja hadi langoni.

"Bwana Kabini, ile kalenda ya ofisini kwako, unaipenda ile picha ya nyumba yangu?"

"Sana, mama. Wageni huiulizia."

"Ni mkono wa Velaphi, na rangi ya mwaka huu pia. Mimi nilikuwa ndani napika uji."

Afisa aliishusha kamera. "Mama, ukisema hivyo, itanibidi nilichukue lile paja nililokuletea asubuhi."

NaMnguni aligeuka kuutazama mlango wa jiko lake. Mwanawe alikuwa anarudi kesho.

"Liko mezani," alisema hatimaye. "Libebe mwenyewe, mimi mgongo unaniuma."

Alilibeba. Damu ilimchafua shati jeupe, naye aliondoka bila kuaga. Kuhusu kuiondoa ile picha katika kalenda, hakusema neno.

"Kesho tutapika kabichi zetu sufuria moja," NaMnguni alisema, akachukua kipande cha gunia na kuanza kufuta matone ya chokaa chini ya ukuta.

Velaphi alipanda pipa. Alifanya kazi hadi vivuli vikarefuka. Watoto wa shule walipita wakamzomea. Sponono aliwauliza nani kati yao ana chawa, wakatimka. Velaphi hakugeuka. Alipomaliza mstari wa mwisho, aliteremka.

"Bibi, nimekulipa."

Bibi Letta alitembea kando ya ukuta polepole, uso karibu kugusa rangi. Alisimama mlangoni, akainua uso kwenye kona ya juu.

"Hapa umeharakisha. Uliona haya ulipokuwa hapa."

Velaphi alitazama. Kweli, mstari ulikuwa umepinda. Hapo ndipo alipokuwa gari la manispaa liliposimama. Alichovya unyoya, akapanda tena pipa, mgongo wake ukiielekea barabara, akaunyoosha mstari.

"Sasa," alisema Bibi Letta, "umenilipa."