Kilio Yenye Nilimunyima Léontine

Mwenye alinionyesha kama miye njo niliharibisha kichwa ya bibi yangu, haikukuwa dokotere, haikukuwa pasteri. Ilikuwa ordinatere, ile kompyuta ya mujukuu yangu Priscille. Na ile ordinatere haikunitukana hata. Ilichora tu mustari.

Ngoja niseme polepole, juu masomo yangu iliishiaka troisième primaire, darasa ya tatu, na nikiharakisha ninachanganya mambo. Jina yangu ni Lucien. Hapa Rwambuzi, mutaa ya Bunia, wananiita Baba Fiacre, jina ya mutoto yetu mwanaume ya kwanza, na bibi yangu Léontine wanamuita Mama Fiacre. Siye ni watu ya Djugu, watu ya jembe. Tulikuwa na mihogo, maharagi, na mbuzi moya mukorofi sana, ile ilikulaka mupaka kitenge ya bibi ya catéchiste ku kamba, na kesi ikafika kwa chef... bon, tuache mbuzi. Mu mwaka ya 2018 tulikimbia, tukafika Bunia, na tuko hapa mupaka leo. Sasa wanasema kuko amani. Kuko. Soko inafunguka, watoto wanaenda ku masomo. Mais mutu akiangusha sufuria, avenue yote inanyamaza kwanza.

Fiacre hakufika Bunia na siye. Léontine anajua kama iko Mambasa, iko patron, bosi ya mbao. Hawazi, anajua. Kila camion, ile lori ya mbao yenye inaingia, anaenda ku dépôt kuangalia rangi yenye wenye mbao wanapakaka ku ncha ya kila mbao juu isichanganyike na ya wengine. Akiona nyekundu, anasema: "Ni ya Fiacre. Alipendaka nyekundu." Akiona bluu: "Amebadilisha, juu wasimujue." Siku moya Agathe, binti yetu, mama ya Priscille, akamuuliza: "Na kama ni kijani, mama?"

"Kijani ni ya adui yake. Weye unafikiri miye mujinga?"

Miaka ya kwanza tulichekaka, na yeye pia alicheka. Tulimuuliza, juu ya nini Fiacre hapigi simu? Yeye alijibu: Simu wanaisikiliza. Mutu moya ya kwetu alizungukaka Mambasa yote, akarudia, akasema hakuna Fiacre kule. Léontine akapiga mikono: "Munaona? Anajificha muzuri!" Na akamupikia ule mutu sombe ya mihogo, juu alileta habari ya muzuri.

Kisha barabara ya Mambasa ikafunguliwa. Wakatangaza camions itaenda pamoja, askari mbele na nyuma, siku ya alhamisi. Wiki yenye ilipita camions ilienda vile vile, na watu fulani hawakurudia. Léontine akafunga muzigo yake. "Ninaenda kwa mutoto yangu," akasema. "Miguu iko, Mungu iko." Agathe akalia, pasteri akamusihi, bure. Mutu haezi kufunga mama yake na kamba.

Ile jumanne, mangaribi, Priscille akakuja na ordinatere yake. Anasoma informatique, mambo ya kompyuta, ku université hapa, mwaka ya mwisho. Akaikaa ku bidon ya maji karibu yangu. Miye babu yake, ananiitaka koko.

"Koko, nataka nikuonyeshe kitu, mais usikasirike."

"Umepata mimba."

"Koko!"

"Bon, sema. Moyo yangu imerudia."

"Ni mémoire yangu, kazi ya kumaliza masomo. Ni akili ya mashini. Mu ndani nimejenga mutu. Haiko mutu ya kweli, haina hata jina. Ninamupa habari moya moya, ninaangalia namna anaanza kuamini jambo ya uongo, na juu ya nini haachi, hata unamuonyesha kweli mbele ya macho."

"Na anakula?"

"Anakula courant, umeme ya mama. Sikiliza, koko."

Nikasikiliza. Akaniambia mara ya kwanza yeye pia alifikiri kama mutu ya vile, kichwa yake imevunjika. Akavunja kichwa ya ule mutu ya mashini makusudi, akamutia uongo. Uongo ikaingia, ikatoka, haikushika. Kisha akamutengeneza tena, akamuacha anawaza sawasawa, mais uongo ya kwanza akaitosha mu kinywa ya mutu mwenye anamutumainia kupita wote. Ile ikashika. Akanionyesha mustari yenye inapima namna anaamini ile uongo: ilikuwa chini, ikapanda, ikakaa kule juu sawa kuku ku paa.

"Hapa nilimupa kweli," akasema, anatia kidole. "Unaona? Inashuka kidogo tu, kisha inapanda kupita vile ilikuwa. Kila kweli yenye ninaleta, anaitafutia maana yake, na ile maana inakuwa kitu ingine ya kuamini. Koko, mutu yangu huyu haina wazimu. Anawaza muzuri kabisa. Shida ni neno ya kwanza."

Nikasema ni kazi ya akili, Mungu amubariki.

"Nilimutia mambo ya koko mama. Bila jina. Camion, rangi, simu, yote. Inatembea muzuri, mais pale mwanzo kunabakia tundu. Koko, nani alimuambia mara ya kwanza kama noko, mujomba yangu Fiacre, alienda Mambasa?"

Nikasimama. Nikasema naenda kuangalia kuku.

"Koko, hauna kuku."

Ni kweli. Sina kuku tangu Djugu. Nikaikaa tena, na nikamuambia kitu yenye sikuambiaka mutu, hata mu maombi niliisema na sauti ya chini.

Kwetu mutoto akikufa, baba ananyoa nywele, na mama analala chini ku mukeka siku ine. Hasimami, hatoki mu lupango, na hakuna mutu wa familia anaweza kumuacha pale peke yake. Tulikuwa na mutoto mwingine, kamoya kadogo, homa ilimubebaka. Ile siku ine mvua ilinyesha, nyumba ikatoa maji, Léontine akalala mu matope na hakusonga. Namujua.

Ile asubui ya kukimbia nilikuwa ku shamba na Fiacre, tunangoa mihogo. Watu wenye silaha wakatokea. Miye nikaingia mu mufereji. Yeye hakufika ku mufereji. Walipoenda, nikamuchimbia na jembe ile ile ya mihogo, pale pale, haraka, shimo ya fupi. Sikuimba, sikuomba. Nikanawa mikono ku kijito na nikakimbia ku nyumba. Kijiji ya jirani ilishaanza kutoa moshi. Léontine iko ku mulango, Agathe na watoto yake wamebeba mizigo ku kichwa, Priscille anashika kuku. Léontine akaniuliza: "Fiacre iko wapi?"

Kama ningesema, angeikaa chini. Na wote wangeikaa naye. Nikaona wote wamelala ku ule mukeka, na moshi inakuja. Nikasema: "Ametangulia. Amepata camion, anapita Marabo, anaenda Mambasa. Twende."

Akaenda. Wote wakaenda. Wote wako wazima.

"Nilitaka uongo ya siku mbili, mujukuu yangu. Mupaka Bunia. Mais Bunia tulilala chini ya bâche, ile turubai ya wakimbizi, watu wanahara, wanakufa, nikasema ngoja kwanza tupate nyumba. Akaniuliza, alifika? Nikasema, wamenitumia habari, alifika. Akaniuliza, anafanya nini kule? Nikasema, mbao."

Priscille akalia mupaka pua ikajaa. Fiacre njo alimufundishaka kupanda kinga, ile baisikeli. Nikamungojea. Kisha akafungua tena ile mashini, akatia neno yangu mu lile tundu. Akaijaribu mara mia. Kama wanamuambia ule mutu kweli siku ya kwanza, mustari inashuka, anaumia sana, kisha anaamuka. Kama wanangoja miaka saba, na ni yule yule mwenye alidanganya anasema kweli...

"Mara makumi tisa na moya mustari haishuki, koko. Chenye kinashuka ni hii mustari ingine."

"Ile ni ya nini?"

"Ni namna anamutumainia mwenye kusema."

Akanishika mukono. "Usimuambie peke yako. Ningoje. Nitauliza prof, kuko dokotere moya ya mambo ya kichwa, anakujaka kila mwezi. Tutatafuta njia."

Nikasema ndiyo. Mais alhamisi haingoji dokotere. Na nikawaza, hii mashini haikulala na Léontine miaka makumi ine. Kuko ile mara tisa yenye inabakia, na siye njo tutakuwa mu ile tisa.

Jumatano, sawa saa ine ya asubui, Léontine alikuwa anachagua maharagi ya safari. Nikaikaa chini mbele yake.

"Mama Fiacre, acha ile maharagi."

"Kuko mawe ndani. Fiacre atavunja meno."

"Fiacre alikufa."

Akatosha jiwe, akaitupa. "Nani amekuambia?"

"Nilimuzika miye. Ku shamba, ile asubui. Nilikudanganya juu ukimbie."

Akacheka. Kisha akaona uso yangu, akaacha. Hakulia. Akaanza kuniuliza, polepole, sawa juge ku kesi. Alivaa nini? Shati ya manjano yenye ilipasuka ku kiwiko. Kichwa yake uliielekeza wapi? Sikumbuke. Ulimufunika na nini? Na majani ya mihogo. Juu ya nini hukunyoa nywele? Juu ungejua. Juu ya nini ulikula ile mangaribi? Nilikula juu mulikuwa munaniangalia.

Akachagua tena maharagi mbili, tatu. Niliona anawaza, na aliwaza muzuri, hatua kwa hatua, vile Priscille alisema. Kisha akasukuma sahani ya maharagi katikati yetu.

"Baba Fiacre," akasema, "hakunidanganyaka hata siku moya. Alinioa hana kitu, na alisema sina kitu. Mwanaume yangu haezi kuzika mutoto yake na kukuja kula mbele yangu." Akaniangalia mikono, kisha macho. "Weye una uso yake. Mais weye haiko yeye. Wamekutuma."

"Léontine."

"Usiniite jina. Baba Fiacre iko wapi? Yeye pia alienda Mambasa?"

Nikasimama, nikamuachia maharagi yake. Nilijua kama kila kitu yenye ningesema ataitafutia mahali.

Alhamisi camions ikaenda, na yeye hakuenda. Alifungua muzigo. Alimuambia Agathe haezi kuacha nyumba na mugeni ndani, atangoje hapa hapa, bwana yake na mutoto yake watarudia pamoja. Njo vile. Nilitaka asiende, na hakuenda. Anajua Agathe, anajua Priscille, anajua jirani wote. Ni miye tu hanijue. Hanikosei heshima. Ananipatia chakula miye wa kwanza, mu sahani ya wageni, ananiita muzee. Ninalala mu salon.

Priscille hakunilaumu. Nilimuuliza kama atatia na hii mu mashini. Akasema hapana, hii hataitia.

Nikaona basi. Miaka saba mutoto yangu hana kilio. Mwanaume kwetu halalake ku mukeka, mais nani sasa atanichekelea? Nikanyoa nywele, nikatandika mukeka inje, ku ukuta, nikalala chini. Jirani walipita, wakaelewa, wakaikaa kidogo. Siku ya pili ya kilio, ku muchana, Léontine akatoka na maji mu kikombe. Akapiga magoti vile wanamuke wa kwetu wanapigaka.

"Pole, muzee. Umefiwa na nani?"

"Na mutoto yangu."

"Pole, pole sana. Mukubwa?"

"Alikuwa na miaka makumi mbili na sita."

"Jina yake?"

Nikamuambia ile jina.

Akatia mukono ku kinywa. "Sawa yangu!" akasema. "Oh, muzee. Sawa yangu." Na akaikaa pembeni ya mukeka, akalia. Alilia na sauti ya kwetu, ile ya kupandisha, yenye sikuisikia tangu kale katoto kadogo ketu kalikufa. Alinishika bega na kulia mutoto ya mugeni mupaka jua ikageuka. Kisha akapanguza macho na kitenge, akaniambia nisikate tamaa, Mungu iko, na akaomba ruhusa aingie, juu maharagi ilikuwa inaungua ku moto.