Dawa Zilizovuka Ukuta

Kambo Mado, nyanya yangu, alikuwa amefunga sanduku. Kesho angepanda gari la Sakania kwenda harusini kwa Chilufya, mjukuu wa dada yake. Juu ya sanduku niliona vidonge visivyo vyake.

"Kambo, hizi dawa ni za nani?"

"Za jirani, Papa Mwila. Zangu ziliisha jana, akanipatia zake ku ukuta."

Kwetu Katuba chumvi, makaa na sufuria huvuka ukuta ule kila siku. Dawa nazo zilikuwa zimevuka.

"Munganga wa hospitali alisema yangu iko ya kulegeza damu," Kambo aliendelea, akikoroga uji. "Yake pia. Ao ku université balikufundisha ingine?"

Papa Mwila akachungulia kutoka kwake. "Diplome haiyakauka wino, anaanza kutukataza."

Nilicheka, lakini niliogopa. Moyo wa Kambo hupiga ovyo. Donge la damu likitoka humo likapanda kichwani, angeweza kuanguka harusini, nusu ya mwili imekufa.

"Kambo, ukiacha kukoroga uji?"

"Unafanya mabonge."

"Njo vile moyo yako. Haikorogi muzuri, damu inasimama, inashikana. Dawa yako inakataza ile. Papa Mwila yeye, mushipa wake ulikwaruzika. Chembe ndogo za damu zinakimbilia pale sawa vile bantu banakimbilia bugomvi ku soko. Dawa yake, aspirini, inaziambia zisijazane. Haiwezi kufanya kazi ya dawa yako."

Kambo aliacha mwiko. "Na nikikunywa zote mbili?"

"Kidonda kidogo tu, damu inatoka bila kusimama. Kuna bagonjwa banapewa zote, lakini munganga anabachunga."

"Zile chembe, nani anaziita?"

"Ukuta wa mushipa. Ukipasuka, vilivyofichwa ndani njo vinaziita."

Akautazama ukuta wetu. "Mwila, ulibakia na ngapi?"

Papa Mwila alikuna shingo. "Nilikupatia zote. Ni harusi."

Kambo alimrudishia vidonge pamoja na bakuli la uji, akasimama pale mpaka alipomeza kimoja. Kisha akachukua boksi lake tupu.

"Twende famasia. Nikikosa dawa, Chilufya ataolewa bila miye."

Dawa tuliipata kwenye famasia ya pili. Alikunywa ya siku hiyo palepale, akafuta midomo.

"Sasa niambie," alisema tukirudi. "Damu ikishikana pa kidonda, inajua namna gani kama imetosha?"

Nilianza kumjibu, tukatembea polepole.