Peremende za Mkono Pamba

Wanaume wazima, wenye ndevu na wajukuu, wanaweza kuogopa kumwambia mwenzao neno moja tu. Nimeliona kwa macho yangu, na hadi leo nikilikumbuka nacheka kwanza, kisha naudhika.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi. Watu wanamwita Mkono Pamba. Mashine anaijua kama wenzake, lakini sifa yake iko kwenye wembe. Anapaka povu, anauinamisha wembe, anazifuata ndevu zinakoelekea, na mteja anasinzia kitini. Vinyozi wengine huuliza, "Umependa?" Yeye haulizi. Akisikia mtu anakoroma, amejibiwa.

Mimi ni dobi. Taulo za saluni yake nafua mimi, kwa hiyo kila siku naingia na furushi safi na kutoka na furushi chafu, pamoja na umbea wa kunitosha njia nzima.

Sasa ikafika wakati wateja wakaacha kusinzia. Wakawa wanakaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti, shingo zimekakamaa, pumzi wamezibana. Wengine wakahamia kiti cha pili, cha kinyozi mwenzake. "Leo nina haraka," wanasema. Haraka gani, na kiti cha pili ndicho chenye foleni?

Waliobaki walikuja na peremende. Alianza mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka mingi, wengine wakaiga. Mtungi wa kioo pale mezani ukajaa pomoni. Mkono Pamba akawa anamung'unya kutwa, moja ikiisha anatia nyingine.

"Unaona, shemeji, watu wanavyonipenda?" aliniambia.

Walimpenda, sikatai. Lakini kinywa chake kilikuwa kinanuka. Nasema waziwazi kwa sababu hakuna aliyesema. Na kazi ya kinyozi ni kumwinamia mtu usoni, pua kwa pua. Fizi zake zilikuwa zimevimba na kuiva, na zile peremende zilizidi kuyaharibu meno yenyewe. Kila aliyemstahi alikuwa anamwongezea maradhi. Mimi nikajiambia hilo ni la mke wake. Mke wake naye, kama nilivyokuja kujua, aliona haya.

Alasiri moja nikamkuta anaufunga wembe wake kwenye taulo. Nikamuuliza anauhamishia wapi.

"Nampa mwenzangu, na kiti pia," akasema. "Mwezi ujao ukiisha naacha kazi."

"Unaacha? Kwa nini?"

"Mkono umezeeka, shemeji. Nikimgusa mtu anakakamaa. Wananiogopa. Bora niache kabla sijamkata mtu."

Akaunyoosha mkono mbele yangu nione unavyotetemeka. Haukutetemeka hata chembe. Hasira zikanipanda, na sijui niliwakasirikia kina nani zaidi, wateja au dada yangu.

"Mkono wako hauna kasoro," nikasema. "Kinywa chako kinanuka."

Mwenzake wa kiti cha pili akazima mashine. Mkono Pamba alinitazama, akautazama mtungi, akanitazama tena.

"Kumbe hizi..."

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, shemeji."

Akakaa kwenye kiti cha wateja wake. "Na dada yako anajua?"

"Analala akigeukia ukuta. Ulidhani anapenda ile rangi?"

Hakucheka. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kuyameza maneno yangu, lakini neno likishatoka limetoka.

"Ningeacha kazi," akasema polepole. "Ningeacha kazi, na wao wananiangalia tu."

"Walikuwa wanakustahi."

"Stahi gani hiyo?" Kisha akajitetea: "Mbona mswaki napiga kila asubuhi? Upande unaotoa damu tu ndio nauacha, upumzike upone."

Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti. Alimkwangua ukoga uliokuwa umeganda kama chokaa ndani ya birika, kisha akampa mswaki aonyeshe anavyosugua. Shemeji akasugua kama mtu anayeng'arisha sufuria iliyounguza maharage.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Na wateja unawanyoa hivyo?"

"La, daktari! Nitawachubua!"

"Wembe unaushikaje?"

Akamwonyesha, kwa vidole vyepesi, umelala mshazari.

"Basi na mswaki ni hivyo hivyo. Chukua ulio laini, uinamishe pale jino linapokutana na ufizi, nenda polepole. Panapotoka damu usipakimbie, maana damu inatoka kwa sababu uchafu umekaa hapo. Ukiusafisha kila siku, itakauka yenyewe. Isipokauka, rudi nikuone."

"Kinyozi hajinyoi," nikachomekea, na hapo ndipo shemeji akacheka, kinywa amekifunika kwa kiganja.

Daktari akamweleza mengine: apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, apitishe uzi katikati ya meno, ulimi nao asiusahau, na akishakula asukutue kwa maji.

"Na peremende?"

"Hizo mpe adui yako."

Tangu siku hiyo akawa anasimama mbele ya kioo cha bafuni kwa uangalifu uleule anaompa mteja, mpaka dada akawa anagonga mlango kwa kuchoka kusubiri. Damu ikapungua, ikaisha. Siku moja dada alikuja kunisaidia kuanika, akasema huku anatafuta kibanio, "Siku hizi nalala nikiangalia mlangoni." Mlango uko upande wa mumewe.

Lakini wembe ulikuwa bado kwenye taulo, kazi akiifanya kwa mashine tu. Moyo ulikuwa haujamrudi. Siku ya mwisho ya ule mwezi aliouweka alimwambia mwenzake, nami nasikia, "Leo nitamnyoa mwalimu. Asiposinzia, kesho kiti ni chako."

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa hajafika tangu wembe ufungwe, akaingia, mkono uko mfukoni kwa mazoea. Akautazama mtungi. Peremende hazikuwemo, ulikuwa umeoshwa, na ndani umesimama mswaki, ule wa baada ya chakula cha mchana. Mwalimu akaelewa. Mkono ukatoka mfukoni mtupu, akakaa, akakakamaa, akabana pumzi kama kawaida yake.

Nilipaswa kuondoka na furushi langu. Sikuondoka.

Mkono Pamba akaufungua wembe, akapaka povu, akainama. Mwalimu alivumilia weee, lakini mtu hawezi kubana pumzi hadi ndevu ziishe. Akavuta kidogo, kama anayeonja uji wa moto. Akavuta tena. Mabega yakashuka. Kichwa kikalegea kwenye kiti, na shavu la kulia lilipomalizika, mwalimu akaanza kukoroma.

Hakuna aliyecheka. Shemeji akavuta taulo moja kwenye furushi langu, akajifuta macho, kisha akaligeukia shavu la kushoto, akalinyoa taratibu kuliko siku zote, asije akamwamsha.