Ng'ombe wa Ukutani

Ng'ombe aliingia kwenye mahindi siku ya Jumatatu, na aliyemwingiza alikuwa Mwalimu Kanze mwenyewe, kwa brashi ya inchi mbili na rangi nyeupe iliyosalia mlango wa ofisi ulipopakwa.

Hakuwa na nia mbaya. Ukuta wa Gredi ya Sita, ule unaotazama barabara ya kwenda Garsen, ulikuwa mtupu, na Kanze alikuwa akiumezea mate tangu aletwe kufundisha sanaa katika shule ile ndogo kati ya vijiji vya Hewani na Wema. Jumamosi zake alizimalizia Garsen akichora vibao vya maduka. Chapati alizichora, simu alizichora, na kwa kinyozi mmoja karibu na steji alichora kichwa cha kijana mtanashati ambacho mji mzima uliamua kwamba ni papai. Mpaka leo watu huelekezana hivyo: ukifika kwa papai, kata kushoto. Kanze hucheka nao, lakini kila apitapo pale huvuta leso yake mbele na kuongeza mwendo. Kwa hiyo alipopewa ukuta alijiambia kwamba hapa atachora kitu kisichouza chochote, na atakichora vizuri hata wenye midomo yao wakose la kusema.

Akachora mto upande wa kulia, rangi ya chai ya maziwa kama ulivyo. Akachora mahindi kutoka mtoni hadi pembe ya pili, jani moja moja, mengine yamekunjamana kwa jua, mpaka mkono ukafa ganzi. Ng'ombe alipangiwa kunywa maji mtoni, lakini pale plasta ilikuwa imebambuka na haikushika rangi. Basi akamsogeza kushoto, katikati ya mahindi, kwa sababu nyeupe hupendeza ikikaa juu ya kijani. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yake yote. Wanafunzi walipiga makofi, na Kanze akarudi nyumbani na furaha ambayo chapati hazikuwahi kumpa.

Jumanne asubuhi akamkuta Mzee Dhadho mbele ya ukuta, jembe begani, ametoa macho. Dhadho ni mkulima wa Kipokomo mwenye shamba ukingoni mwa mto, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Akikohoa, ofisi nzima hunyamaza.

"Mwalimu, ng'ombe wa nani huyu?"

"Si wa mtu, mzee. Ni picha."

"Naona ni picha, sijapofuka. Lakini yuko kwa mahindi. Mistari miwili ashaikanyaga na wa tatu anaumaliza. Nimehesabu."

Kanze akacheka. Dhadho hakucheka.

"Watoto wetu wanapita hapa kila siku," akasema. "Wataona ng'ombe kuingia shambani ni jambo la kupambwa ukutani. Mtoe."

Kumtoa ng'ombe aliyekauka si kazi ndogo, na isitoshe alikuwa ametoka vizuri, nundu mahali pa nundu. Kanze akafikiri, akachagua njia ya mkato. Jioni ile aligeuza mahindi yaliyomzunguka ng'ombe yakawa nyasi, akachora ua wa miiba kumtenga na shamba, akanawa mikono. Aliamini mambo yamekwisha. Maskini.

Jumatano akaja Jarso. Huyu ni mfugaji wa Kiorma mwenye watoto watatu shuleni na ng'ombe ambao hapendi kuulizwa idadi yao. Alisimama, akaegemea fimbo yake, akautazama ukuta kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Mwalimu, hii ng'ombe umefungia kwa nini?"

"Nimemtenga na mahindi, Mzee Jarso."

"Na maji?" Akanyoosha fimbo. "Mto iko kule. Ng'ombe iko hapa. Katikati mahindi, mahindi, mahindi. Malka iko wapi?"

Malka ni ile njia inayoachwa kati ya mashamba ili mifugo ifike mtoni kunywa, na hapa Tana watu wamelumbana juu ya malka tangu babu zao wakiwa watoto. Kanze, Mgiriama ambaye babake alihamia delta kutafuta mashamba, aliijua habari hiyo vizuri sana. Ila haikuwa imemjia akiwa na brashi mkononi.

"Hii ng'ombe leo haijakunywa," Jarso akaendelea, kwa uchungu wa kweli. "Kesho itaanguka. Na mtu yake iko wapi? Unataka watu waseme sisi tunaacha ng'ombe itembee peke yake kama paka?"

Kanze akaona hoja. Akaufuta ua, akamchorea ng'ombe mchungaji mrefu mwenye fimbo na kikoi, akimwelekeza mtoni. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tano, akajipongeza.

Alhamisi asubuhi Dhadho hakusubiri hata kusalimiwa.

"Ahaa! Sasa amemleta kwa makusudi! Juzi tungesema mnyama amepotea, hana akili. Leo yuko na mwenyewe, na mwenyewe anaangalia tu! Na hapo mbele si mahindi yangu?"

"Hayo mahindi si yako, mzee. Ni yangu. Nimeyachora mimi."

"Mahindi yaliyo ukingoni ni ya mkulima," Dhadho akasema, na hapo hapo Jarso, aliyekuwa akileta watoto, akamjibu kwamba maji hayana mkulima. Sauti zikapanda. Wapita njia wakasimama. Wanafunzi wakahamia madirishani, na hesabu za siku hiyo zikabaki ubaoni bila majibu.

Mwalimu mkuu, Bwana Jairus, akamwita Kanze ofisini. Jairus ni mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja tu, chokaa. Amepaka mawe ya njiani, amepaka mashina ya miti, amepaka kingo za maua ambayo hayajaota, na wanafunzi huapa kwamba alishawahi kumpaka kobe aliyechelewa kuondoka.

"Mkutano wa wazazi ni kesho saa tatu," akasema taratibu, kama anayemkaribisha chai. "Nikiwakuta wazee hawa wawili wangali wanagombana, ule ukuta naupaka mweupe. Ndoo iko tayari."

Kanze akatoka. Iliuma, na iliuma kuliko papai, kwa sababu papai alilichora kwa haraka akiwaza nauli, lakini mahindi yale aliyachora kwa moyo wake wote. Alikaa kando ya barabara akautazama ukuta mpaka kengele ya mwisho. Kisha akaingia darasani, akachukua chaki mbili.

Saa kumi akawaita wote wawili na kumkabidhi kila mmoja kipande chake.

"Wazee wangu, kosa ni langu. Nilichora kwa kupenda rangi. Njia za hapa nyinyi ndio mnazijua. Basi nionyesheni ng'ombe huyu apite wapi."

"Mimi sijashika hii tangu darasa la nne," Dhadho akanung'unika, lakini mkono ulishanyanyuka. Akachora mistari miwili pembeni kabisa, karibu na nguzo.

Jarso akatazama. "Hii ni njia ya panya." Akachora yake, kutoka chini ya dirisha hadi kwenye msingi.

"Na huo ni uwanja wa ndege! Mahindi tutapanda juu ya bati?"

Dhadho akafuta kwa kiganja. Jarso akafuta cha Dhadho. Kanze akapiga makofi mara mbili, yale ya kunyamazisha Gredi ya Sita.

"Darasani kwangu anayefuta cha mwenzake anachora upya, mwenzake akiangalia."

Na wazee wale, ndevu na yote, wakatii. Akawauliza ng'ombe wangapi hupita sambamba bila kusukumana. Jarso akasema sita. Dhadho akasema wawili, tena waliokonda. Wakavutana, wakachora, wakafuta, nguo zikajaa vumbi la chaki, na kabla jua halijashuka wakawa wamefika kwa ng'ombe wanne. Dhadho alikubali kwa sharti kwamba ukingoni pawe na dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, na mtu juu yake, maana shamba lake halijawahi kukaa bila macho. Mtu huyo akamchora mwenyewe na kumvika kofia kubwa kuliko dungu.

Jarso akainama kwenye ng'ombe, akaguna.

"Hii ng'ombe ni mama. Angalia chuchu. Ndama iko wapi? Ndiyo maana iliingia kwa mahindi. Inatafuta mtoto."

Hata Dhadho aliitikia kwa kichwa. "Hilo sasa ni kweli," akasema. Jarso akaomba brashi na rangi nyeusi, akachora ndama kwa muda mrefu, mwenyewe ulimi nje. Masikio yakaning'inia, mkia ukasimama, miguu yote minne ikaenda upande mmoja. Dhadho alifungua mdomo. Kanze akamkata jicho, naye akaufunga.

Walipoondoka, kazi iliyobaki ilikuwa ya Kanze: kupaka njia ya udongo, pana kiasi cha ng'ombe wanne, juu ya majani yake aliyoyachora moja moja. Alilia kidogo, tuseme ukweli. Lakini njia ilipofika mtoni, ng'ombe kwa mara ya kwanza alionekana anakwenda mahali.

Akabaki yule ndama. Alikuwa mbuzi, hakuna namna nyingine ya kusema. Na kesho wazazi wote wangesema Kanze wa papai sasa amechora mbuzi. Akaosha brashi ndogo kabisa, akaifunga kwenye pindo la leso. Angewahi alfajiri, arekebishe masikio na mkia, na hakuna ambaye angejua.

Aliwahi. Lakini Jarso alikuwa amemtangulia, amemleta mamake mzee na majirani wawili, na alikuwa akiwaonyesha ndama kwa ncha ya fimbo, akiwaeleza atakuwa na pembe za namna gani akikua. Kanze akairudisha brashi kwenye pindo.

Saa tatu wazazi wakajaa uwanjani. Jairus alisimama kando ya ukuta, ndoo mguuni. Bi Arafa, muuza mboga mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, akasogea mbele akapitisha macho.

"Ng'ombe mzuri, njia nzuri," akasema. "Lakini huyu mbuzi nani kamchora?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Kanze alikijua kicheko kile. Ndicho kile kile cha steji ya Garsen. Akamtazama Jarso, mwanamume mrefu asiyemwogopa fisi, akamwona anachunguza viatu vyake.

"Mimi," akasema Kanze.

"Si nilijua! Si ndiye yule wa papai!" Kicheko kikarudi maradufu. Kanze akasimama pale akakipokea, na jambo la ajabu ni kwamba safari hii hakikumchoma.

"Hapana." Jarso aliinua kichwa. "Mwalimu anadanganya. Hiyo nimechora mimi. Na si mbuzi, ni ndama. Masikio tu ndiyo nimeharibu."

Dhadho akakohoa.

"Na mwenye kofia nimemchora mimi. Hiyo malka tumeipima pamoja, ng'ombe wanne, hakuna wa tano. Atakayepaka chokaa hapo aanze kwa kunipaka mimi."

Macho yote yakahamia kwa Jairus na ndoo yake. Mwalimu mkuu akaitazama chokaa, akautazama ukuta, akausogelea kwa hatua fupi fupi mpaka akafika kwenye njia iliyochorwa.

"Nilikuwa nafikiri," akasema kwa sauti ndogo, "malka hii haina mawe pembeni. Mawili matatu tu. Ya kuonyesha mpaka." Akamgeukia Kanze, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje. "Meupe."

Dhadho akamtazama Jarso. Jarso akainua mabega.

"Mawe haili mahindi," akasema.

"Wala hayanywi maji," akasema Dhadho.

Kanze akafungua pindo la leso, akatoa ile brashi ndogo aliyoiosha kwa ajili ya masikio ya ndama, akampa mwalimu mkuu. Akamwonyesha namna ya kuishika kwa mbali, bila kuikandamiza. Jairus akainama, tai ikaingia kwenye ndoo. Jiwe la kwanza likatoka yai. Kanze akalitazama, akamwambia ni zuri, aendelee.