Vifuniko vya Levina

Levina hakuwa mwanamke wa kushindwa, na hilo alilijua yeye mwenyewe kabla wengine hawajalisema. Mumewe Modest alipofariki, ukoo ulikaa kikao kijijini, nje kidogo ya Kaliua, kuamua nani aachiwe pori la nyuki. Shemeji yake Raymundi alisema mwanamke hatundiki mizinga. Levina akasimama, akaomba msimu mmoja tu: Jumapili ya mavuno ikifika hana asali, pori achukue Raymundi. Wakakubali, wengine wakicheka chinichini.

Modest alikuwa akipandisha mizinga ya magogo juu ya miti. Levina hakuyataka magogo. Alikwenda Tabora mjini kwa fundi Majidi, akarudi na mizinga tisa ya mbao yenye vifuniko, akaining'iniza kwa waya usawa wa kifua, kandokando ya njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi wapitao ni ng'ombe na baiskeli za mkaa. Ndani akapaka nta. Kazi safi, na nani angemkataza kutamba?

Tatizo lilikuwa vile vifuniko. Kila asubuhi Levina alikwenda porini na rozari yake, akafunua mzinga mmoja mmoja, akachungulia, akamkumbusha Mungu siku zilizobaki. Mwezi wa tatu mzinga wa nne ulipata nyuki na kipande cha sega jeupe. Alifurahi mno hata kesho yake akafunua mara tatu. Keshokutwa yake nyuki walikuwa wamehama. Akazidisha maombi, akafunga Jumatano na Ijumaa, na vifuniko akavifunua zaidi.

Majidi alipokuja Kaliua kwa shughuli zake, alipitia kuiona kazi ya mikono yake. Levina akamwamkia, akamweleza shida yote, na jinsi alivyochoka kwa kusali. Yule mzee wa Kiislamu alipitisha kidole kwenye kingo za kifuniko, zilizolainika kwa kushikwashikwa, akauliza anafunua mara ngapi. Alipojibiwa, alikirudisha kifuniko mahali pake.

"Mwanangu, wewe umeshatundika," alisema. "Kuja ni juu ya nyuki. Nani atahamia nyumba inayopigwa hodi kila asubuhi?"

Levina alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ilipokwisha ikabaki aibu. Miaka yote alikuwa akiitikia kanisani kwamba neema hutolewa bure, kumbe alikuwa akiichungulia kama mtu anayefunua chungu cha maharage kila dakika. Siku ileile alivifunga vifuniko vyote tisa kwa kamba, mafundo mawili mawili, akasali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali: "Baba, nimetundika. Yaliyobaki ni yako." Kisha akaenda kupalilia karanga.

Ilikuwa ngumu, tusidanganyane. Raymundi alieneza habari kwamba shemeji amekata tamaa, akaanza kuchonga magogo yake mapema. Levina alipita njia ile akienda kanisani, macho mbele, miguu ikitaka kukata kona. Kuna asubuhi alimkabidhi Mungu pori lile mara kumi kabla hajanywa chai.

Mwisho wa mwezi wa sita alichukua kitoa moshi na ndoo. Mvumo aliusikia kabla hajaiona mizinga. Saba kati ya ile tisa ilikuwa imejaa nyuki, na masega yalikuwa mazito hata akayainua kwa mikono miwili. Alilia palepale. Alijivuna pia, tena sana, ila safari hii alijivunia Baba yake.

Jumapili ya mavuno alivaa kitenge kipya, akaibeba ndoo ya asali ya sadaka kichwani mpaka mbele ya altare, polepole, kila mtu aone. Baada ya misa Raymundi alimfuata pembeni, kofia mkononi. Alitaka kujua dawa ya kuvuta nyuki ameipata wapi, na kwa mganga gani.

"Nilikaa nyumbani, shemeji," Levina alisema.

Raymundi alisubiri aendelee. Levina akajitwisha ndoo yake tupu, akaenda zake.