Uso Uliorudi na Jua

"Karudi tena," Shangazi Peggy alimwambia Valda, akampa simu ikiwa imefudikizwa.

Hakutaja jina. Tangu kaka yake Valda afariki, aliitwa Kumanjayi tu, yaani asiyetajwa jina, kama marehemu wote wa jangwa hili, na picha zake zilifichwa, maana sura ya marehemu haitazamwi. Lakini asubuhi hiyo Mama, akitafuta habari za mvua kwenye mtambo wa vijiji vyao wa kutafutia habari mtandaoni, alikutana na mwanawe akicheka.

Mtambo huo mtunzaji wake ni Valda. Hauna makao makuu: kila kijiji kina kompyuta zake, kila moja imebeba kipande, nazo hupashana habari. Yenye habari ya tarehe mpya zaidi ndiyo huaminiwa. Picha ile Valda alikwisha kuifuta jana, na juzi pia. Jua likichomoza, inarudi.

"Mwanangu anataka nini?" Mama alilia pale kwenye kambi ya matanga. "Si tulimzika vizuri?"

Valda akampigia Desmond, mwenzake wa kijiji cha pili. "Hebu nitazamie, inatoka wapi?"

"Dada, utasema nimelewa. Inatoka hukohuko kwenu. Na imeandikwa tarehe ya mwaka ujao."

Valda akakumbuka. Nyumba ya kaka! Siku ya msiba waliifunga wakahama wote, kama desturi, na hakuna aliyeifikiria kompyuta yake ya mtambo, inayotumia umeme wa jua. Saa yake ilikuwa imekimbia mbele, basi kila ilipoamka na jua, kompyuta nyingine ziliiamini.

"Naenda kuizima."

"Thubutu!" Peggy alifoka. "Uingie kabla ya moshi wa kuiaga roho yake? Unataka akufuate?"

"Basi fukizeni leo, Shangazi. Mama ataniondokea na yeye."

Mashemeji wa marehemu, wenye kauli juu ya nyumba ile, walinung'unika kwamba ni mapema mno. Kisha wakamtazama Mama, wakaenda kukata matawi ya kufukizia.

Moshi ulipojaa vyumbani Valda aliingia, anakohoa, anaogopa kwelikweli. Kompyuta ilikuwa ikinguruma taratibu juu ya meza. Alijua akivuta waya, hapatabaki tena mahali popote panaposema kaka yake yupo. Alisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akauvuta.

Mama alikuwa akimngoja mlangoni.

"Amelala?"

"Amelala, Mama."

Wakabaki wamesimama palepale moshini, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka.